Fedha za Shaba na Meza za Kuzihesabia

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kwamba jimbo hilo limejitenga. Wanaoisimulia habari hiyo huanza na mamluki, na ndege za Umoja wa Mataifa, na kuuawa kwa waziri mkuu Patrice Lumumba. Wana haki, maana damu nyingi ilimwagika. Lakini mimi nimeishi kwa uhasibu wa serikali hapa Lubumbashi tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi nilipostaafu, na swali linalokaa moyoni mwangu ni la watu wa kazi yangu. Mwisho wa mwezi ule wa Julai, walimu, polisi na makarani wa Katanga walilipwa na nani, fedha zilitoka wapi, na nani alitia sahihi?

Mwenye cheo cha kutia sahihi alikuwa Jean-Baptiste Kibwe, makamu wa Tshombe na waziri wake wa fedha. Kwa miezi 30, hadi Januari 1963, mji wetu, ambao bado uliitwa Élisabethville, ulikuwa na wizara ya fedha yenye kazi zote za wizara ya taifa: kukusanya kodi na ushuru, kupanga bajeti, kulipa mishahara, kusimamia sarafu na benki inayotoa noti. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua Katanga. Hata hivyo wizara ilifanya kazi na mishahara ikatoka. Sisi tuliokuja kukaa miezi na miezi bila mshahara tuliwasikia wazee wetu wakiusifu wakati ule, na sifa hiyo inanisumbua mpaka leo. Kilichoipa hazina ya Kibwe nguvu ndicho kilichoiua, na ndicho kilichokuja kuiua hazina ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa baadaye.

Fedha zilitoka kwa mlipaji mmoja. Union Minière du Haut-Katanga ilitoa takriban tani 300,000 za shaba mwaka 1960, na kwa kobalti haikuwa na mshindani duniani. Kampuni ilipokubali kwamba kodi na ushuru wake viingie kwa Tshombe, wala si kwa serikali ya Lumumba kule Léopoldville, mji mkuu, upande mmoja ulipata hazina siku hiyo hiyo na upande wa pili ukaipoteza. Pascal Nkayi, waziri wa fedha wa kwanza wa Kongo huru, aliachiwa nchi nzima ya kulipia huku chanzo chake kikubwa kimefungwa. Kibwe hakuhitaji kutuma watu vijijini kudai kodi. Hundi chache kutoka ofisi moja zilimtosha, na nyuma ya kila waziri wa Katanga alikaa mshauri Mbelgiji aliyejua hundi hizo zinavyopita.

Tabia hii ya kukusanya kwenye mlango mmoja ni ya kale kuliko Wabelgiji. Msiri, aliyekuja kutoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kujenga mji wake Bunkeya, alitawala kwa kushika njia: pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilipita mikononi mwake, na machifu wadogo walimletea sehemu yao. Bunduki alizipata kwa misafara ya pwani. Aliyeshika njia ya misafara alishika nchi, na Msiri alilijua hilo vizuri. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na msafara wa Kapteni Stairs aliyetumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wageni waliikuta nchi ambayo mapato yake yamezoea kwenda kwa mtu mmoja.

Na wao wakaifuata njia hiyo hiyo, ila kwa mikataba. Mwaka 1900 Dola Huru ya Kongo na Compagnie du Katanga ziliunda Comité Spécial du Katanga, ambayo wazee wetu wanaiita CSK. Theluthi mbili ya ardhi na mapato ilikuwa ya dola, theluthi moja ya kampuni. Kwa miaka kumi CSK ndiyo iliyokuwa serikali hapa: ilitoza, ilikodisha ardhi, ilikuwa na polisi wake. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière, na CSK ikashika hisa zake nyingi. Nawaomba wasomaji vijana waikumbuke hatua hiyo. Kabla mji wa Élisabethville haujakuwepo, mtoza kodi na mlipa kodi walikuwa wameshakuwa ndugu wa nyumba moja. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, tanuri la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na lile bomba refu la moshi na kilima cheusi cha taka ya tanuri tunachokiona hadi leo vilianzia hapo.

Mwananchi wa kawaida aliijua hazina kwa njia nyingine, ile ya kodi ya kichwa. Amri ya mwaka 1910 iliwataka wanaume walipe kodi kwa fedha taslimu, na fedha taslimu hazikupatikana kijijini. Zilipatikana shimoni, relini au shambani kwa mzungu. Mwaka huo huo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua. Sioni sababu ya kuyatenganisha mambo haya mawili kama vitabu vingine vinavyoyatenganisha. Kwa macho yangu, kodi ya kichwa haikuwa ya kujaza sanduku la koloni tu. Kazi kubwa ya kodi ile ilikuwa kumtoa mtu kwao na kumsukuma kambini. Mwenye mke zaidi ya mmoja alitozwa nyongeza. Katika miji mingi ya koloni hata mwanamke aliyeishi bila mume alitozwa kodi yake, na kina mama wa mjini waliichukia kodi hiyo kwa sababu iliwapa jina baya mbele ya watoto wao.

Baba yangu alifanya kazi tanurini. Kitabu chake cha utambulisho ninacho. Mihuri ya kodi imepangana mwaka kwa mwaka, mingine imefifia. Alikuwa akisema kwamba mposho, yaani unga, samaki, maharagwe na mafuta ambayo kampuni iliwagawia wafanyakazi kila juma, ulimfanya asahau kwamba kuna serikali. Nyumba ilitoka kwa kampuni, shule kwa kampuni, hospitali kwa kampuni. Serikali aliifahamu kwa muhuri wa kodi na kwa bunduki. Bunduki aliziona Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mishahara na askari wakawafyatulia risasi.

Bajeti ya koloni lote ilipigiwa kura Brussels. Sheria ya mwaka 1908 iliyoifanya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji ilisema kwamba mali na madeni ya Kongo ni mbali na ya Ubelgiji, lakini bajeti yake ipitishwe kwa sheria ya Ubelgiji. Katanga ilipewa heshima ya pekee: gavana wake wa kwanza, Émile Wangermée, aliandikiana moja kwa moja na Brussels. Mwaka 1933 heshima hiyo ikaondolewa, na Élisabethville ikawekwa chini ya Léopoldville kama majimbo mengine. Wazungu wa hapa hawakulisahau jambo hilo. Malalamiko yao ya miaka ya 1940 na 1950, kwamba Katanga inazalisha na Léopoldville inatumia, yalikuwa tayari mezani wakati Conakat, chama cha Tshombe, kilipoanzishwa mwaka 1958. Watu wetu waliyapokea wakayafanya yao. Kulikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa Katanga peke yake ililetea koloni karibu nusu ya mapato. Kilichofichwa ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya faida haikuwa ikienda Léopoldville wala Élisabethville. Iliondoka na wenye hisa.

Siku chache kabla ya uhuru, Juni 1960, CSK ilivunjwa. Kwa mhasibu hakuna tendo zito kuliko hilo katika mwaka ule wote. Hisa zilizokuwa zikipiga kura kwa pamoja kwa jina la dola ziligawanywa, na Kongo huru ikaingia katika uhuru wake bila kuitawala kampuni iliyoilisha. Hata ile sehemu iliyobaki yake, hati zilikuwa Brussels. Zilikuja kukabidhiwa Februari 1965, na kwa maajabu ya historia aliyezipokea alikuwa Tshombe mwenyewe, safari hii akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima.

Turudi kwa Kibwe. Serikali yake iliunda Benki ya Taifa ya Katanga na kutoa faranga yake mwaka 1961. Noti za kwanza zilikuwa na sura ya Tshombe. Sarafu za faranga 1 na faranga 5 zilikuwa na chane la ndizi upande mmoja, na upande wa pili msalaba wa shaba, ule ule uliotumika kama fedha katika nchi hii mamia ya miaka kabla ya mkoloni, na ambao wachimbuaji wa mambo ya kale wameupata makaburini kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa kwenye bendera pia. Sarafu zile ni nzuri na zilitengenezwa kwa uangalifu. Nimewahi kuzishika na kuzitazama kwa muda mrefu, nikaona ndani yake matumaini ya kweli ya watu waliotaka mali ya kwao iwe na alama ya kwao. Lakini sarafu ni ahadi, na ahadi ya faranga ya Katanga haikusimama juu ya kodi za wananchi wake wala juu ya bunge lenye kuuliza maswali. Ilisimama juu ya mauzo ya madini ya kampuni moja, yaliyofanyika Ulaya.

Umoja wa Mataifa uliliona hilo mapema. Mpango wa Katibu Mkuu U Thant wa Agosti 1962 ulipendekeza mambo ya fedha waziwazi: sarafu moja kwa nchi nzima, na mapato ya madini yagawanywe nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na Katanga. Watu hudhani vita vile vilimalizwa na askari tu. Kwenye karatasi vilikuwa vita vya asilimia, na asilimia hizo zinatusumbua mpaka leo. Tshombe alivuta muda, askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Élisabethville, Kipushi na Jadotville, na Januari 1963 akakubali kule Kolwezi kwamba utengano umekwisha. Kampuni ilianza kupeleka fedha Léopoldville, na tangu siku hiyo hazina ya Katanga haikuwa na la kufanya. Ilikauka kama kisima kilichochimbwa juu ya bomba la jirani.

Rais Mobutu, aliyeitawala Kongo baadaye, alilielewa somo, au nusu yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 1967 Union Minière ilitaifishwa, likaja shirika lililoishia kuitwa Gécamines. Juni mwaka ule ule ikaja sarafu mpya, zaire, yenye makuta 100, na zaire moja ilinunua dola mbili za Marekani. Ugomvi wa fidia uliisha mwaka 1969 kwa makubaliano kwamba kampuni ndugu ya Union Minière, iliyoendelea kuuza shaba yetu, itachukua asilimia 6 ya thamani ya mazao kwa miaka 15. Mji wetu ulipata jina la Lubumbashi, na jimbo likaitwa Shaba. Meza ya kuhesabia ilikuwa Kinshasa sasa, yaani Léopoldville ya zamani. Mlipaji alikuwa yule yule mmoja.

Mimi niliingia kazini wakati bei ya shaba imeanguka, mwaka 1974 na 1975. Kwetu mkoani bajeti ilikuwa karatasi tuliyoiandika, tukaituma, tukaisubiri. Matumizi ya serikali hupita hatua nne: kuidhinisha, kuhakiki deni, kuamuru malipo, kulipa. Hatua mbili za kwanza tulizifanya kwa bidii. Faili zetu zilikuwa safi. Hatua ya tatu ilikuwa Kinshasa, na huko faili lilikuwa likilala. Fedha za shaba kwa miaka kumi, kuanzia 1974, zilipitia Sozacom, shirika la serikali la kuuza madini, na zilivyogawanywa baada ya hapo hapakuwa na mhasibu wa mkoa aliyeonyeshwa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimleta Mjerumani Erwin Blumenthal kushika usukani katika Benki ya Zaire. Aliondoka mwaka uliofuata, na baadaye akaandika kwamba wakopeshaji wasitegemee kuziona tena fedha zao. Wakati huo huo nguzo za umeme zilikuwa zikisimikwa kutoka Inga hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, na deni lake likibebwa na hazina hiyo hiyo.

Krismasi ya 1979 sitaisahau. Noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, mipaka ikafungwa, na kila mtu akaruhusiwa kubadilisha kiasi maalumu tu kwa siku chache. Mama yangu mdogo alikuwa akiuza samaki sokoni Kenya, ile komine yetu, na akiba yake yote ilikuwa noti za 10. Alikuja kwangu kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali. Nilimsaidia kubadilisha kile kilichoruhusiwa, na kilichobaki alikitumia kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Hakunilaumu. Lakini tangu siku hiyo hakuweka tena akiba ya fedha ya nchi hii. Aliweka kwacha za Zambia, halafu dola, na ukitazama meza za wabadilisha fedha pembeni mwa barabara za Lubumbashi utaelewa kwamba hakuwa peke yake.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Gécamines ilifikia kilele chake mwaka 1986 kwa tani 476,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na kufikia 1993 na 1994 mazao yote hayakufika tani 50,000. Hazina ya taifa ilianguka nayo. Serikali ilichapa noti badala ya kukusanya kodi, ikafika noti ya zaire milioni 5. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mshahara wangu uliishia kununua unga kidogo tu, na miezi mingine haukuja kabisa. Tulikwenda ofisini hata hivyo. Tulifungua madaftari tukaandika sifuri, kwa sababu sifuri pia huandikwa, na atakayekuja kukagua anastahili kuikuta.

Faranga ilirudi mwaka 1998. Mwaka 2011, chini ya Augustin Matata Ponyo aliyekuwa waziri wa fedha, mishahara ya watumishi wa serikali ilianza kupitishwa benki, mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Kabla ya hapo fedha zilisafirishwa kwa maboksi na kugawiwa na mlipaji wa idara, na njiani zilipungua. Katika mageuzi yote niliyoyaona kazini, hilo ndilo nililoliona likifika nyumbani kwa mwalimu.

Na zile asilimia za U Thant? Katiba ya 2006 ilizirudisha kwa sura nyingine. Ibara ya 175 inasema jimbo lishike asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, na lizishike papo hapo, kabla fedha hazijasafiri. Hazikushikwa hata siku moja. Zilikwenda Kinshasa kwanza, kisha kilichopendeza kikarudishwa, kwa mwezi uliopendeza. Jimbo letu, kabla halijagawanywa kuwa manne mwaka 2015, lilijitafutia njia kwa idara yake ya mapato na kwa tozo za barabara na za madini, hasa kwenye foleni ya malori kule Kasumbalesa. Yaani tulirudi mlangoni, pale alipokaa Msiri. Barabara na shule kadhaa zilijengwa kwa fedha hizo, nami nazihesabu kuwa faida. Lakini bajeti inayotegemea malori hutetemeka kila bei ya kobalti inaposhuka London, na sijaona waziri wa fedha wa jimbo aliyeweza kupanga mambo ya miaka mitatu mbele kwa utulivu.

Jambo ambalo limebadilika kweli limo katika Kanuni ya Madini ya Machi 2018. Mrabaha wa madini sasa hugawanywa katika njia nne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au usultani, yaani eneo la mtawala wa jadi, ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni hulipa kila mmoja moja kwa moja. Kobalti, kwa kuwa ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, hulipiwa asilimia 10. Kwa mara ya kwanza tangu 1900 fedha za shaba zinapaswa kuwekwa moja kwa moja katika akaunti ya watu ambao vumbi la mgodi linawaangukia kwenye vyungu. Sultani na karani wake wamekuwa wizara ndogo ya fedha, bila kuandaliwa.

Ndiyo maana, ingawa nimestaafu, nakwenda mara kwa mara katika usultani mmojawapo kuwafundisha makarani vijana. Tunaanza na daftari la mapato, daftari la matumizi na kumbukumbu za benki, na kila mwezi tunazilinganisha mpaka zikubaliane. Hawa vijana hawana mlipa kodi anayewadai hesabu. Kodi ya mtu mmoja mmoja, ile iliyomtesa baba yangu, hailipwi tena na watu wengi hapa, na asiyelipa hudhani hana haki ya kuuliza. Nawaambia kila mara kwamba anayo, kwa kuwa ardhi na mto ni vyake. Tumeanza kusoma mapato hadharani, barazani kwa sultani, kwa Kiswahili, mbele ya wanawake wa soko na wachimbaji. Mwaka huu tumesoma yaliyoingia. Upande wa matumizi bado haujasomwa, na nimekwisha kumwambia sultani kwamba sitakubali mwaka mwingine upite hivyo.